Malezi na Bidii katika Mpira wa Kikapu

Wako wanachuo wadhanio kwamba katika mpira wa kikapu urefu ndio kila kitu. Hebu tumtazame Hakeem Olajuwon, aliyezaliwa Lagos, Nigeria, mwaka 1963. Wazazi wake, Wayoruba waliokuwa wakiuza saruji, walimlea katika kuheshimu wakubwa na kula jasho lake. Mpira wa kikapu hakuujua mpaka alipokuwa kijana wa sekondari. Kabla ya hapo alicheza mpira wa mikono, na katika kandanda alilinda goli. Huko ndiko alikopata wepesi wa miguu uliowatatiza baadaye walinzi wa Marekani, wasijue atageukia wapi.

Hata hivyo, alipofika Chuo Kikuu cha Houston mwaka 1980 alikuwa bado mbichi, na msimu wa kwanza hakuchezeshwa. Wakati wa likizo alipambana na Moses Malone, mchezaji mzoefu asiyemwonea huruma. Timu yake ya Houston Rockets ilitwaa ubingwa mwaka 1994 na 1995. Februari 1995 alicheza huku amefunga Ramadhani, na akateuliwa mchezaji bora wa mwezi. Nidhamu ya namna hiyo, kwa maoni yetu, haianzii uwanjani.

Basi katika madarasa ya chini tusiharakishe kuwachagua warefu. Tuwape watoto wote rede, kamba na kandanda, na zamu ya kukusanya mipira imfikie hata aliye hodari kuliko wenziwe.