Mifumo Endeshi na Madhehebu: Nani Mwenye Mamlaka juu ya Andiko?

Mfumo endeshi ni programu ya msingi inayosimama kati ya vifaa vya kompyuta na programu nyingine zote: ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayopanga mafaili kwenye diski, inayopokea kinachobonyezwa kwenye kibodi na kuamua programu ipi ihudumiwe kwanza na kichakataji. Ingawa kazi hiyo ni ya kiufundi, tangu miaka ya 1980 wataalamu wamezoea kuizungumzia mifumo hii kwa lugha ya imani, wakitaja waongofu na waasi, na Guy Kawasaki, aliyeinadi kompyuta ya Macintosh ya kampuni ya Apple kwa waandishi wa programu, alijulikana kwa cheo cha mwinjilisti. Wapo wanaoidharau lugha hiyo wakidhani ni mzaha wa wapenda mashine, na hilo ni kosa, kwa sababu ikitumiwa kwa uangalifu inaibua swali ambalo vitabu vya ufundi hulipita haraka, nalo ni nani mwenye haki ya kulisoma andiko, kulifasiri na kulibadilisha.

Ulinganisho uliopata umaarufu zaidi ni wa Umberto Eco, mwanariwaya wa Italia na mtaalamu wa semiotiki, yaani elimu ya ishara, aliyeuandika katika safu yake ya jarida la L'Espresso mwezi Septemba 1994. Kwa Eco, Macintosh ni Mkatoliki, kwa kuwa humwongoza muumini hatua kwa hatua kwa picha ndogo za kwenye skrini mpaka afikie lengo lake; ilhali DOS, mfumo wa Microsoft uliotoka pamoja na kompyuta ya IBM mwaka 1981, ni Mprotestanti, tena wa mkondo wa Calvin, kwa kuwa humwacha mtu peke yake aandike amri kwa maneno, aamue mwenyewe na abebe mzigo wa makosa yake. Windows aliilinganisha na Kanisa la Anglikana, lenye ibada za fahari ndani ya makanisa makuu lakini lenye mlango wa kurudi kwenye DOS wakati wowote, na hapo alikuwa sahihi hata kwa upande wa ufundi, kwani Windows 3.1 ya siku hizo ilipakiwa juu ya DOS, na mtumiaji aliyeifunga alijikuta tena mbele ya skrini ya amri.

Hata hivyo, Eco aliitazama ibada na kuliacha andiko. Andiko la programu ni msimbo chanzo, yaani maagizo yanavyoandikwa na binadamu katika lugha ya kompyuta kabla hayajageuzwa kuwa mfululizo wa sifuri na moja ambao mashine huutekeleza lakini mtu hawezi kuusoma kwa urahisi. Uprotestanti ulisimama juu ya dai kwamba kila muumini anaweza kuyasoma Maandiko kwa lugha yake, na ndiyo maana Martin Luther alitoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522. Lakini mtumiaji wa DOS, pamoja na uhuru wote wa kuandika amri, hakuwa na haki ya kuufungua msimbo wa mfumo wake. Msimbo wa matoleo ya awali ya DOS uliwekwa hadharani mwaka 2014 tu, ulipotolewa na Makumbusho ya Historia ya Kompyuta huko California kwa ridhaa ya Microsoft. Kwa kipimo hiki, DOS na Macintosh zilikuwa za upande mmoja, kwani andiko la kila moja lilikuwa mikononi mwa kampuni.

Aliyeligeuza suala la andiko kuwa suala la maadili ni Richard Stallman, ambaye mwaka 1983, akiwa katika taasisi ya MIT ya Marekani, alitangaza mradi wa GNU wa kuunda mfumo huria, na mwaka 1989 akatoa leseni inayompa kila mtu haki ya kuitumia programu apendavyo, kuusoma na kuubadilisha msimbo wake, na kuisambaza ikiwa na mabadiliko au bila mabadiliko, kwa sharti kwamba anayeisambaza asiwanyime wengine haki hizo hizo. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliyeanza kuandika kiini cha Linux mwaka 1991, aliiweka kazi yake chini ya leseni hiyo mwaka uliofuata. Kiini ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo inayozungumza na vifaa moja kwa moja.

Pale ambapo andiko liko wazi, mfarakano hauwi tena uasi bali ni haki iliyoandikwa. Debian, jumuiya ya watu wa kujitolea inayotoa toleo la Linux na iliyojiwekea mkataba wa kijamii mwaka 1997, ilivutana vikali mwaka 2014 juu ya systemd, programu ambayo kiini huianzisha kwanza kompyuta inapowashwa na ambayo huzisimamia huduma nyingine zote. Waliopinga walishikilia mafundisho ya kale ya Unix, mfumo uliozaliwa katika maabara za Bell mwaka 1969, kwamba kila programu ifanye kazi moja na kuifanya vizuri, na waliona kuwa systemd inajilimbikizia kazi nyingi mno. Waliposhindwa katika uamuzi, baadhi yao walichukua msimbo ule ule wakaanzisha Devuan. Hakuna mahakama iliyohitajika, wala mtu hakunyang'anywa kitu. Hapa pia ndipo ulinganisho unapofikia mpaka wake, kwa sababu dini hudai moyo wote wa mtu, ilhali mhandisi mmoja anaweza kutumia Devuan nyumbani, Windows ofisini na Macintosh kwa mteja wake bila kumkana yeyote.

Kwa wasemaji wa Kiswahili, tunda la uwazi huo lilionekana mwaka 2004, pale mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, ambayo si mfumo endeshi bali ni programu ya kazi za ofisi, kwa Kiswahili. Wafasiri wake, ambao iliwabidi kwanza kuandaa istilahi, hawakuhitaji kusubiri kampuni iamue kama soko la Kiswahili lina faida, kwa kuwa leseni ya programu hiyo ilikuwa imekwisha kuwapa haki.

Hata waumini wa leseni moja, hata hivyo, hawaifasiri kwa namna moja. Watengenezaji wa vifaa waligundua kwamba wanaweza kutoa msimbo wa Linux kama leseni inavyotaka, kisha wakakiunda kifaa ili kikatae kuendesha msimbo uliobadilishwa na mnunuzi, na kwa Stallman huko kulikuwa kuua roho ya leseni kwa kutumia herufi zake, hivyo mwaka 2007 taasisi aliyoianzisha ilitoa toleo la tatu la leseni linalodai kwamba mnunuzi wa kawaida apewe pia nyenzo za kukifanya kifaa kipokee msimbo wake. Torvalds alikataa, akishikilia kwamba leseni inahusu msimbo tu na kwamba mtengenezaji wa kifaa ana uhuru wa kukiunda atakavyo. Kiini cha Linux kimebaki katika toleo la pili hadi leo, na kwa kuwa ndicho kiini cha Android, mfumo endeshi wa simu, simu nyingi zinabeba andiko ambalo mwenye simu ana haki kamili ya kulisoma na kulisahihisha, lakini akilisahihisha, simu yake mwenyewe inaweza kukataa kuliendesha.