Je, Wajua? Loji Yenye Namba Sifuri

Kilwinning ni mji mdogo wa Ayrshire, magharibi mwa Uskoti. Katika barabara yake kuu limesimama jengo la loji, yaani tawi la chama cha Freemason, lililojengwa mwaka 1893. Jengo hilo lilichukua nafasi ya lile la mwaka 1779, lililokuwa karibu na lango la abasia ya kale.

Abasia hiyo ilianzishwa katika karne ya 12. Kwa mapokeo ya mji, loji iliundwa na waashi wa mawe walioijenga abasia hiyo. Ushahidi wa maandishi ni wa baadaye sana: kanuni za waashi zilizotolewa na William Schaw mwaka 1599 zilitaja loji ya Edinburgh kuwa ya kwanza, Kilwinning ya pili na Stirling ya tatu.

Daraja hilo lilizua mvutano. Loji Kuu ya Uskoti ilipoundwa mwaka 1736, Kilwinning ilijiunga nayo, lakini katika miaka ya 1740 ikajitoa kwa kunyimwa nafasi ya kwanza. Ikajitegemea, ikawa inatoa hati za kuanzisha loji nyingine, na kujulikana kama loji mama.

Pande hizo mbili zilipatana mwaka 1807, na Kilwinning ikawekwa juu kabisa ya orodha. Kwa kuwa namba 1 ni ya loji ya Edinburgh, Kilwinning hutambulishwa kwa namba 0 hadi leo.