Juala: Neno la darasani linalotafuta kazi ndani ya gari

Mtoto aliyeketi kiti cha nyuma amemaliza ndizi yake. Gari liko njiani kuelekea Nakuru, dirisha liko wazi na ganda limo mkononi. "Baba, hili nilitie wapi?" auliza.

"Liweke hapo kwanza," ajibu baba bila kugeuka.

Hapo ni wapi, msomaji? Ni chini ya kiti? Ni kwenye mfuko wa mlango, pamoja na stakabadhi za kuegesha gari? Mtoto hangoji sana kutafuta maana. Kilomita mbili mbele, "hapo" huwa ni nje ya dirisha.

Familia nyingi zenye magari hazina jina la kile kifuko cha kutilia taka safarini. Kitu kisicho na jina ni vigumu kukiagiza, kukitafuta au kumfunza mtoto kukitumia. Hata hivyo, Kiswahili kina neno ambalo lingefaa sana kazi hii, nalo ni juala.

Maana yake

Wanafunzi wengi nchini wamekutana na neno hili darasani kwa maana ya mfuko, hasa ule mwepesi wa plastiki. Wingi wake ni majuala, nalo limo katika ngeli ya LI-YA. Husemwa: "Juala limejaa," na "Majuala yamejaa." Likiwa dogo huitwa kijuala.

Mitaani mambo ni mengine. Mwulize makanga wa matatu juala liko wapi, naye huenda akadhani unamtafuta abiria mwenye jina hilo! Kwa miaka mingi wateja wa dukani waliomba "karatasi", na muuzaji akawapa nailoni. Hakuna aliyeshangaa, ingawa karatasi na nailoni ni vitu viwili mbalimbali.

Wengine husema mfuko wa sandarusi. Neno hili nalo limesafiri mbali. Asili yake ni utomvu mgumu wa mti uitwao msandarusi, ambao katika karne ya 19 ulikuwa bidhaa kubwa ya Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki. Wafanyabiashara waliununua na kuupeleka ng'ambo, ikiwemo Salem kule Marekani, ukatengenezewa vanishi ya kung'arisha mbao. Plastiki ilipokuja ikapewa jina hilo la kale.

Ndugu zetu wa Tanzania nao waliuita mfuko huo Rambo, jina la yule mpiganaji wa filamu za Marekani. Kwa hivyo jina jipya halina ajabu. Watu wakilitumia kila siku, hukaa.

Marufuku ya 2017

Mnamo Agosti 28, 2017, Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Adhabu iliyotangazwa ilikuwa kali: faini ya hadi Sh4 milioni au kifungo cha hadi miaka minne. Tanzania Bara ilifuata Juni 1, 2019, na Rwanda ilikuwa imetangulia tangu 2008.

Basi neno juala likabaki kama mfanyakazi aliyefutwa kazi. Kile lilichokitaja kimeondolewa sokoni, lakini lenyewe lingali zima, fupi na rahisi kutamka. Kwa nini tusiliajiri upya? Kuanzia leo, juala la gari liwe ni kifuko chochote halali kinachokaa garini kwa kazi moja tu ya kupokea taka.

Haja ya jina hili imezidi. Mnamo Aprili 2025, Halmashauri ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) iliagiza magari ya abiria na ya kibinafsi yawe na chombo cha kuwekea taka. "Chombo cha kuwekea taka" ni maneno yanayofaa tangazo la serikali. Lakini mzazi anayeendesha gari huku akichunga lori lililo mbele yake anahitaji neno moja tu: "Juala!"

Wenye umri wanakumbuka kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004. Abiria aliyeingia kwenye matatu aliambiwa afunge mkanda. Neno lilikuwa fupi, kila mtu alilielewa, na mkono ukaenda wenyewe.

Namna ya kulitumia

Huhitaji kununua kitu. Pakiti ya karatasi ya unga wa ugali ya kilo mbili, ikikung'utwa vizuri, ni juala tosha kwa safari ya siku moja. Kwa matumizi ya kila siku, shona kifuko cha leso kuukuu chenye kitanzi, ukifue kila wiki. Maganda yenye majimaji yatangulie kufungwa katika gazeti.

Lining'inize nyuma ya kiti cha abiria wa mbele, mahali ambapo watoto watalifikia. Lisikae miguuni mwa dereva, kwani chupa ikiponyoka na kuingia chini ya breki inaweza kuleta maafa. Mpe mtoto mmoja cheo cha mlinzi wa juala, na kila safari mbadilishane. Ukienda Mombasa, limwage kwenye pipa la taka mnaposimama Mtito Andei, kabla halijafurika.

Watu wa Pwani wana methali isemayo: "Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi." Pakacha ni kapu lililosukwa kwa makuti ya mnazi. Likivuja, mzigo hupungua na mbebaji hupumua. Gari linalovujisha maganda na chupa njia nzima humpa mwenyewe nafuu ya namna hiyo, kwani hufika nyumbani likiwa safi. Mzigo huo huachiwa mfagiaji wa barabara na mitaro inayoziba mvua ya masika ikianza. Tena, pakacha likitupwa huoza likawa udongo. Chupa ya plastiki haiozi.

Samaki mkunje angali mbichi. Jumapili hii, kabla ya kuwasha gari, watajie watoto neno hili mara tatu na uwaonyeshe kitu chenyewe kimening'inia. Kisha wawaulize walimu wao Jumatatu juu ya ngeli yake. Na ganda la ndizi likimalizika kuliwa, jibu liwe limeshajulikana na kila aliyemo garini: "Litie ndani ya juala."