Megapikseli 48 za Kamera ya Bei Chee

Kamera nyingi ndogo za dijitali za bei chee huja na maandishi makubwa kwenye boksi: 48MP. Mnunuzi huisoma namba hiyo akaamini kwamba kamera itaona vizuri kuliko simu aliyonayo mfukoni. Namba yenyewe huenda isiwe uongo kamili, kwani faili inayotoka yaweza kweli kuwa na pikseli 8000 kwa 6000. La kuuliza ni pikseli hizo zimetoka wapi.

Nyuma ya lenzi kuna kihisi, kipande cha silikoni chenye vishimo vidogo mno vya kupokea mwanga. Kishimo kinapima kiasi cha mwanga tu, hakijui rangi. Ndiyo maana juu yake huwekwa vichujio vya rangi kwa mpangilio wa Bryce Bayer, mtaalamu wa Kodak aliyepewa hataza mwaka 1976: nusu ya vishimo kijani, robo nyekundu, robo bluu. Rangi mbili zinazokosekana katika kila pikseli hukadiriwa kutokana na majirani zake. Hivyo ndivyo zinavyofanya karibu kamera zote, hata za gharama kubwa.

Kamera ya bei chee huenda mbali zaidi. Kihisi chake kinaweza kuwa cha megapikseli 5 au 8. Programu huchomeka pikseli za kubuni katikati ya zile za kweli hadi zitimie 48. Ni kama maziwa yaliyotiwa maji: ujazo umeongezeka, maziwa ni yale yale.

Kulithibitisha hili hakuhitaji maabara. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani penye mwanga wa kutosha, weka kamera juu ya meza, na utumie kipima muda ili kidole kisiitikise. Usisogee karibu sana, kwa sababu lenzi nyingi za bei hii hazirekebishi fokasi, na ukungu utakaouona hautakuwa kosa la kihisi. Piga kwa 48. Kwenye kompyuta, tengeneza nakala, ipunguze hadi megapikseli 8, kisha ikuze tena hadi ukubwa wa awali. Linganisha herufi ndogo za nakala hiyo na za picha ya kwanza. Kama zinasomeka sawasawa, pikseli milioni 40 hazikubeba chochote. Tazama pia pembeni mwa ukurasa: lenzi dhaifu huonyesha katikati vizuri na kuzivuruga pembe.

Mwanga hafifu au usiolingana ndio mtihani mgumu zaidi, na kwa maoni yangu ndio wenye uzito, kwa kuwa sherehe zetu nyingi hupigwa picha usiku au ndani ya nyumba. Mweke mtu mwenye ngozi nyeusi na shati jeupe karibu na dirisha. Vishimo vidogo hujaa mwanga upesi, kwa hiyo kamera hulazimika kuchagua: ama shati liungue likose mikunjo, ama uso uzame gizani ujae chenga. Kamera inayoupoteza uso wa mtu imeshindwa kazi yake ya kwanza, hata ingekuwa na megapikseli mia.

Ucheleweshaji, yaani muda kati ya kubonyeza na kunaswa kwa picha, hupimwa kwa saa ya simu inayohesabu sekunde: bonyeza inapofika 5, kisha soma picha imenasa ngapi. Kuvuta picha karibu (zumu) nako kuna ukweli wake. Lenzi isiposogea, kamera inakata kipande cha katikati na kukikuza tu.

Ajabu ni kwamba namba ile kubwa haikuhitajika. Picha ya albamu ya sentimita 10 kwa 15, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, hutaka takribani pikseli 1800 kwa 1200, yaani megapikseli 2 na ushei. Kamera ya megapikseli 5 za kweli, yenye lenzi safi, ingemtosha mnunuzi huyu. Anayestahili lawama ni muuzaji anayemnyima nafasi ya kuichagua.

Kadi ya kumbukumbu inayokuja na kamera nayo ipimwe. Zipo kadi zinazojitangaza kuwa na gigabaiti 64 ilhali zina sehemu ndogo tu ya hizo, na zikishajaa huandika juu ya picha za awali au kuziharibu bila kutoa onyo. Ijaze kadi yote kwa video, kisha fungua faili za mwanzo, za katikati na za mwisho, kabla hujaipeleka kamera kwenye harusi ya mtu.