Neno "Chanjo" katika Ufugaji wa Samaki

Makala haya yanakusudia kueleza istilahi zinazohitajika katika kazi ya kuwakinga samaki wa kufugwa na maradhi yaletwayo na bakteria. Yanawahusu hasa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali ambao hukabidhiwa maelekezo yaliyoandikwa kwa lugha za kigeni na kutakiwa wayafikishe kwa mfugaji kwa Kiswahili fasaha. Katika uwanja huu neno moja likikosewa, bwawa zima laweza kuangamia. Kwa hiyo yafaa jambo lenyewe lifahamike kwanza, ndipo majina yake yachaguliwe.

Ufugaji wa samaki mabwawani si jambo geni nchini. Majaribio ya kufuga perege yalianza mwaka 1949 huko Korogwe, mkoani Tanga, na Malya, mkoani Mwanza. Mabwawa mengi yaliyochimbwa baadaye hayakuleta faida iliyotarajiwa, na sababu mojawapo ilikuwa upungufu wa maarifa ya utunzaji. Mwaka 1955 mtaalamu wa samaki Rosemary Lowe alieleza kisayansi perege wa aina moja wa sehemu hizo na kumpa jina la Korogwe. Hata leo wataalamu wa dunia nzima humwita Oreochromis korogwe. Basi Korogwe imekwisha kuipa sayansi jina. Ni haki sayansi nayo imfikie mfugaji wa Mnyuzi, kwenye reli ya Tanga baina ya Muheza na Korogwe, kwa maneno anayoyafahamu. Huenda nyumbani kwake husemwa Kibondei, Kizigua au Kisambaa, lakini mambo ya ufundi huyapokea kwa Kiswahili.

Chanjo na dawa

Mwili wa samaki, kama wa binadamu, una uwezo wa kumkumbuka adui aliyewahi kuuingia. Chanjo huufundisha mwili kumtambua adui huyo kabla hajaja. Dawa hupambana na adui aliyekwisha kuingia. Tofauti hii ndiyo kiini cha somo zima, lakini katika mazungumzo ya kila siku chanjo na tiba zote huitwa "dawa".

Tuseme mfugaji wa Mnyuzi amesoma kwamba kuna "dawa ya streptokoka". Hataitafuta mpaka atakapowaona perege wake wametokeza macho na kuogelea kwa kuzungukazunguka, nazo ndizo dalili za ugonjwa huo. Wakati huo chanjo haitawafaa. Samaki walio wagonjwa hawachanjwi, na kule kuwakamata na kuwashikashika kwaweza kuongeza vifo. Neno "dawa" litakuwa limempotezea fedha na samaki pia. Kwa hiyo mfasiri asiandike "dawa" mahali pa "chanjo", hata kama neno hilo lazoeleka zaidi masikioni.

Faida ya kutenganisha dhana hizi yaonekana Norwei. Mwaka 1987 wafugaji wa samoni wa nchi hiyo walitumia takriban tani 50 za viuavijasumu. Baada ya chanjo bora kuenea, kiasi hicho kilishuka hadi chini ya tani 2 kufikia katikati ya miaka ya 1990, hali samaki waliofugwa waliongezeka mara kadhaa.

Kuchanja bila wembe

Wako watakaouliza kama ni sahihi kusema samaki "wamechanjwa" ilhali wametiwa tu katika beseni la maji. Swali hili lina msingi. Kitenzi "kuchanja" maana yake ya asili ni kukata au kupasua, na kwa njia hiyo ya kukwaruza ngozi watu walikingwa na ndui.

Hata hivyo, neno hukua pamoja na kazi yake. Chanjo ya kideri hudondoshwa katika jicho la kuku, na chanjo ya polio imetolewa kwa matone mdomoni, wala hakuna aliyedai wembe. Lugha za Ulaya nazo zilipitia njia hiyo. Jina lao la chanjo latokana na neno la Kilatini lenye maana ya ng'ombe, kwa kuwa mwaka 1796 Edward Jenner alitumia ndui ya ng'ombe kumkinga mtoto. Mwaka 1881 Louis Pasteur alipendekeza jina hilo litumike kwa kinga zote za namna hiyo, kwa heshima ya Jenner. Kwa hiyo hatuna haja ya kubuni neno jipya kwa ajili ya samaki. Kinachotakiwa ni kuongeza maneno yatakayoonyesha njia inayotumika.

Njia tatu

Chanjo ya sindano. Samaki hunyimwa chakula kwa muda, hutiwa katika maji yenye dawa ya usingizi, kisha hudungwa tumboni, mmoja mmoja. Kinga yake huwa ya nguvu, lakini kazi ni nyingi na haiwafai vifaranga wadogo mno.

Chanjo ya kuchovya. Samaki wadogo hutiwa kwa muda mfupi katika maji yaliyochanganywa na chanjo, nayo huingia kwa njia ya ngozi na matamvua. Tunalipendelea neno "kuchovya" kuliko "kuogesha", kwa sababu kuogesha hudokeza usafi.

Chanjo ya chakula. Chanjo huchanganywa na chakula. Njia hii ni nyepesi, lakini kinga yake aghalabu ni hafifu zaidi, kwani tumbo huiharibu chanjo na samaki hawali sawasawa. Ndiyo njia iliyojaribiwa mapema. Mwaka 1942 mtafiti Duff wa Kanada alieleza jinsi alivyowalisha samaki bakteria waliouawa, wakapata kinga.

Maneno ya kuchunga

Kwanza, yako maelekezo yasemayo kwamba chanjo "imeuawa". Anayefasiri neno kwa neno ataandika "chanjo mfu", na mfugaji atadhani imeharibika, aitupe. Yafaa kuandika "chanjo ya bakteria waliouawa", na kwa aina ya pili "chanjo ya bakteria hai waliodhoofishwa". Wanaouawa au kudhoofishwa ni bakteria, si chanjo.

Pili, vipimo. Alama "1:10" yaweza kusomwa kwa maana mbili. Ikiwa mtengenezaji amekusudia sehemu moja katika kumi, iandikwe wazi: "Changanya lita 1 ya chanjo na lita 9 za maji, upate lita 10."

Tatu, muda. Kinga haipatikani siku ile ile, na katika maji ya baridi huchelewa zaidi. Wataalamu huzidisha idadi ya siku kwa nyuzijoto za maji, hivi kwamba siku 40 katika maji ya nyuzijoto 10 hufanya 400. Kipimo hicho twapendekeza kiitwe "siku-joto". Asiyekielewa ataandika "siku 400", na mfugaji atakata tamaa kabla ya kuanza.

Nne, bakteria na virusi visichanganywe kwa jina moja la "vijidudu". Mwishoni mwa mwaka 2018 perege wengi walianza kufa vizimbani katika Ziwa Volta, Ghana. Streptokoka ilikuwa imekwisha kuonekana ziwani humo, lakini uchunguzi ulithibitisha kwamba vifo hivyo vilihusiana na virusi. Chanjo ya bakteria haikingi virusi, wala kiuavijasumu hakiviui.

Tano, chanjo iliyotengenezwa kutokana na bakteria wa shamba lile lile isiitwe "ya kienyeji", isije ikadhaniwa kuwa ni mitishamba. "Chanjo mahususi ya shamba" yatosha.

Mwisho, onyo kwa mchanjaji. Chanjo nyingi za sindano huchanganywa na mafuta, na mtu akijidunga kwa bahati mbaya hana budi kwenda hospitali mara moja na kuonyesha karatasi ya chanjo hiyo. Onyo hili lisifupishwe kwa ajili ya kupunguza kurasa, wala lisiwekwe mwishoni kwa herufi ndogo.

Istilahi hizi ni mapendekezo. Wasomaji walio karibu na wafugaji wanaombwa wazijaribu kwa njia nyepesi: mfugaji asomewe maelekezo, kisha aeleze kwa maneno yake ni samaki gani watakaochanjwa, lini, na kwa njia gani. Akieleza sawasawa, istilahi imefaa. Akikosea, tuletewe neno alilolitumia yeye, kwani huenda likawa bora kuliko letu.