Minofu, Mapanki na Mbaazi za Babati

Mwaka 2004 mtengenezaji filamu kutoka Austria, Hubert Sauper, alitoa filamu ya hali halisi iitwayo Darwin's Nightmare, aliyoipiga Mwanza. Ndani yake minofu ya sangara inapakiwa kwenye ndege kubwa za mizigo kwenda Ulaya, na vichwa na mifupa ya samaki hao hao, yaani mapanki, vinaanikwa juani na kukaangwa kwa ajili ya wenyeji. Filamu ilifika hadi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2006. Mwaka huo huo Rais wa wakati huo, Kikwete, aliikemea hadharani kwamba imeichafua nchi. Kuanzia hapo tukabishana kuhusu tuhuma za filamu kwamba ndege hizo huleta silaha, na kama kula mapanki ni aibu au si aibu. Swali la uchumi likazama: kilo ya minofu ikiuzwa Ulaya, mvuvi anabaki na kiasi gani, na nani aliyepanga kiwe kiasi hicho?

Hapa Babati hatuna sangara wa kusafirisha wala ndege ya mizigo. Tuna mbaazi, na kwangu mbaazi zinalijibu swali hilo vizuri kuliko filamu yenyewe.

Mkulima wa huku hupanda mbaazi pamoja na mahindi katika shamba moja. Mahindi ni chakula, mbaazi ni fedha. Mizizi ya mbaazi huenda chini sana, kwa hiyo mahindi yakishaondoka shambani mbaazi huendelea kunywa unyevu uliobaki, na mavuno huja katikati ya kiangazi, Agosti ikiwemo. Pwani watu huamkia mbaazi za nazi kwa maandazi; sisi wa kaskazini ni watu wa maharage. Sehemu kubwa ya mbaazi zetu huvuka bahari kwenda India, zikakobolewa na kupasuliwa huko. Zao ambalo mwenyeji halili, na mnunuzi wake mkubwa ni nchi moja, bei yake haipangwi Babati hata siku moja.

Mwaka 2014 na 2015 India ilipata mvua haba na mbaazi zikaadimika. Wanunuzi wakamiminika vijijini kwetu na fedha taslimu, na kilo ikapita shilingi 2,000. Watu wakaongeza ekari, na walikuwa na haki ya kufanya hivyo, maana bei ndiyo habari pekee ya soko inayomfikia mkulima. Lakini wakulima wa India nao walikuwa wameisoma bei ile ile. Mvua za 2016 zikawa nzuri, mavuno yao yakakaribia kuongezeka maradufu, na bei ikaporomoka mikononi mwao. Ili kuwalinda, tarehe 5 Agosti 2017 serikali yao iliweka ukomo: tani 200,000 tu za mbaazi kutoka nje kwa mwaka. Msumbiji ilikuwa na makubaliano ya serikali kwa serikali tangu 2016, na mzigo wake haukuguswa. Sisi hatukuwa nayo. Tangazo lilitoka New Delhi mbaazi zetu zikiwa shambani, na kilo ikaanguka hadi shilingi mia chache. Kwa bei hiyo, hata kumlipa kibarua avune ni hasara.

Ni rahisi kumlaumu dalali. Simlaumu peke yake, kwa sababu wako waliokuwa wamenunua mapema na wakaumia. Ila hasara haikugawanywa sawa. Mfanyabiashara mkubwa ana ghala, ana mkopo wa benki, ana ufuta na dengu za kumshikilia mbaazi zikilala. Mwenye ekari mbili ana deni la palizi na sare za watoto za Januari. Anayeweza kusubiri akikaa mezani na asiyeweza kusubiri, bei imeshaamuliwa kabla mzani haujaletwa. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, huja baadaye, juu ya unyonge uliokuwepo tayari. Huko Kagera kahawa huuzwa ikingali mtini, wenyewe wakiita butura, na chanzo ni hicho hicho. Pengo la kipato hukua hivyo mwaka hadi mwaka, hata pasipo mtu yeyote kuvunja sheria.

Hapo ndipo naona Sauper alipokosea njia. Alifanya jambo la maana kuifuata bidhaa kutoka ziwani hadi kwenye ndege, lakini tuhuma za silaha zilimeza nafasi ambayo bei ya mvuvi ufukweni ilistahili. Ndege inaonekana kwenye kamera. Tangazo la biashara lenye aya chache halionekani, wala riba ya mkopo, wala ile wiki ambayo mama anaamua kuuza gunia kwa sababu hawezi kungoja bei ipande.

Sheria ya stakabadhi ghalani tunayo tangu 2005, na mbaazi sasa zimeingizwa kwenye mfumo huo na minada ya Soko la Bidhaa. Wazo lake naliunga mkono kwa moyo wote: mzigo ulale ghalani, mkulima ashike hati, akopee hati hiyo huku akingoja bei. Lakini nguvu yote iko kwenye huo mkopo. Ghala bila mkopo, au mnada ambao malipo yake yanachelewa, humrudisha mkulima kwa mnunuzi wa usiku mwenye fedha mkononi, kisha tunamwita mkaidi.

Mwezi Mei 2021 India ilifungua tena mlango, na ekari zimerudi. Ruhusa hiyo, hata hivyo, ni ya muda. Huongezwa kwa tangazo jingine la New Delhi, na mbegu za Babati huweza kuingia ardhini kabla ya kujulikana tangazo lijalo litasema nini. Makubaliano ya maandishi kama yale ya Msumbiji yangemfaa mkulima kuliko hotuba yoyote ya kumhimiza alime zaidi.