Bastola ya kujilinda si bastola ya shabaha

WAPO wanaodhani kuwa bastola yoyote yenye leseni yaweza kumfikisha mwenye nayo kwenye mashindano ya kulenga shabaha. Dhana hiyo yaweza kumgharimu mtu fedha nyingi na, akikosea zaidi, uhuru wake.

Mkoani Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, neno silaha huwakumbusha wengi ujangili na magobore kuliko michezo. Mkoa huo una Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na upande wa magharibi unafika Ziwa Tanganyika, ambalo ng'ambo yake ni Kongo. Kwa sababu hiyo, mkazi wa Mpanda anayeutamani mchezo huu sharti aanze na sheria, afuate aina ya shindano, na bastola iwe ya mwisho.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu raia kumiliki silaha bila leseni, na maombi hupitia Jeshi la Polisi. Anayenunua bastola mtaani kwa matumaini ya kuihalalisha baadaye huwa amekwishatenda kosa.

Hatua ya pili ni kujua shindano. Bastola ya nusu otomatiki hutoa risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa, kisha hujipakia yenyewe risasi inayofuata. Hutumika katika mashindano ya mita 25 yanayosimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Shabaha, ISSF. Katika shindano la kasi la Olimpiki, mshindani hupiga shabaha tano, risasi moja kila moja, kwa sekunde nane, kisha sita, kisha nne. Hushika bastola kwa mkono mmoja tu.

Kanuni za mashindano hayo ndizo zinazoiengua bastola ya kawaida ya kujilinda. Risasi inayotakiwa ni ya .22, yaani milimita 5.6, ilhali bastola nyingi za kujilinda hutumia milimita tisa. Uzito wa bastola usizidi gramu 1,400, na kifyatulio kisilegee chini ya gramu 1,000. Waamuzi hukipima kwa kukitundikia jiwe la uzito huo. Kikiachia, bastola hukataliwa.

Risasi ya .22 ina faida nyingine. Mkono hautikisiki sana, hivyo mpigaji hurudi kwenye shabaha upesi. Aidha, kwa kawaida bei yake ni nafuu, jambo zito kwa mchezo unaodai mazoezi ya mara kwa mara.

Hata hivyo, yapo mashindano ya vitendo, ambamo mshindani hukimbia kutoka kituo hadi kituo. Huko ndiko bastola ya milimita tisa ina nafasi yake.

Mnunuzi na aukague mpini kwanza. Mpini mpana kupita kiasi humlazimisha mtu kuukunja mkono, na kidole kikivuta kwa upande, risasi nayo huenda upande. Kisha avijaribu vilengeo: je, vinarekebishika? Mwisho aulize vipuri na fundi vinapatikana wapi, na uwanja wa shabaha ulioidhinishwa uko umbali gani na Mpanda. Bastola isiyo na uwanja haina mchezo.

Kwa anayeanza, bastola ya hewa ya mita 10, yenye vidonge vya milimita 4.5, hufundisha pumzi, jicho na kidole bila kishindo. Si ya nusu otomatiki, lakini nidhamu yake ni ile ile. Naye asiichukulie kama kitu cha kuchezea, bali aulize polisi masharti yake kabla ya kununua.

Nidhamu hiyo huendelea nyumbani: bastola ifungiwe bila risasi, na risasi zifungiwe mahali pengine. Medali huja kwa mwenye subira; silaha iliyoachwa juu ya meza haimsubiri mtu.